Vifungu vya Harold Groves

Tarehe 28 Januari 1932, Gavana Philip La Follette wa Wisconsin alitia saini sheria ya kwanza ya bima ya ukosefu wa ajira nchini Marekani. Muswada ulikuwa wa Harold Groves, mwalimu wa uchumi aliyeingia bunge la jimbo baada ya uchaguzi wa 1930. Aliuandaa pamoja na wanandoa Paul Raushenbush na Elizabeth Brandeis. Wote watatu walikuwa wanafunzi wa Profesa John R. Commons, na walijua vizuri yaliyompata mwalimu wao: muswada wake, uliowasilishwa mwaka 1921 na Seneta Henry Huber, uliangushwa, ukarudishwa, ukaangushwa tena.

Mwingine angepandisha sauti. Groves aliwasikiliza kwanza waliouangusha.

Wenye viwanda walilalamika: kwa nini mimi ninayewatunza watu wangu mwaka mzima nimlipie jirani anayeajiri msimu ukiwa mzuri na kufukuza ukiwa mbaya? Groves hakulidharau lalamiko hilo, akaligeuza kuwa kifungu. Kila mwajiri awe na akiba yake mwenyewe, ya wafanyakazi wake tu. Achangie asilimia 2 ya mishahara anayolipa mpaka akiba ifike dola 55 kwa kila mfanyakazi; kutoka hapo asilimia 1; ikifika dola 75, asilipe kitu. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiachishwa kazi, hulipwa nusu ya mshahara wake, isizidi dola 10 kwa wiki, kwa wiki zisizozidi kumi.

Tazama ufundi uliomo katika tarakimu hizo. Hakuna mahali sheria inapomhubiria tajiri kuhusu utu. Anayefukuza watu huona akiba yake ikipungua na mchango ukirudi; asiyefukuza hupumzika. Kwa msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia habari za fao la kukosa ajira, kipya hapa si fao lenyewe, ni wazo kwamba gharama imwangukie yule aliyeacha watu bila kazi.

Mwaka 1931 kamati ya bunge ilizunguka jimboni kusikiliza maoni, na watetezi wa muswada wakaenda kuzungumza na wakulima na vyama vya wafanyakazi. Wisconsin ni nchi ya maziwa na jibini, na bila kura za wabunge wa vijijini muswada haukuwa na maisha. Mkulima alielezwa jambo linalogusa mfuko wake: kiwanda kikifunga, misaada ya wasio na kazi hutoka kwenye kodi, ya shamba lake ikiwemo. Naye akaachwa nje ya sheria, maana iliwahusu waajiri wa watu kumi na zaidi, na kazi za shambani hazikuhesabiwa. Kibarua wa shambani hakupata kitu. Ndiyo bei iliyolipwa, na si ndogo.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni kile cha hiari. Wenye viwanda walidai wangefanya wenyewe bila kulazimishwa. Sawa, sheria ikasema: ikifika Juni 1933 mkawa na mipango inayowalinda wafanyakazi 175,000, lazima haitakuwepo. Hawakufikia idadi hiyo. Kwa jinsi hali ya uchumi ilivyokuwa mbaya, utekelezaji uliahirishwa, na michango ikaanza Julai 1934.

Udhaifu ulikuwepo, na wataalamu wa Ohio waliusema mapema: akiba ya kampuni moja ikikauka, mfanyakazi wake ataambulia nini? Ndiyo maana, Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 ilipoyapa majimbo nafasi ya kutunga ya kwao, mengi yalichagua mfuko wa pamoja. Lakini kumpimia mwajiri kiwango kwa rekodi yake ya kufukuza watu kulibaki na kuenea nchi nzima. Hata leo kampuni ya Marekani inayoachisha wengi hupandishiwa kodi hiyo miaka inayofuata. Kwa sababu iyo hiyo, waajiri wengine hupinga madai ya mafao ya watu waliowaachisha wenyewe, na wabunge wa majimbo wanaorekebisha sheria hizi bado wanahangaika na kipimo hicho.