Katika Kuisifu Fani ya Kuchambua Namba

Mtu asimamaye pale Mnara wa Saa mjini Arusha asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, huuona Meru wote tangu migombani hadi kileleni. Lakini akiuliza urefu wake, ramani moja humwambia mita 4,566, nyingine 4,565, na nyingine 4,562, na zote zimechorwa na wataalamu. Silaumu, maana kupima ni kazi ya macho, ala na hewa, navyo vyote vina dosari zake. Niisifuyo hapa ni fani ya wale waichukuao namba yenyewe wakaichambua, kwani humo hamna ikhtilafu: 4,566 huzaliwa na 2, 3 na 761; 4,565 huzaliwa na 5, 11 na 83; nayo 4,562, kwa kuwa ni shufwa, ukiigawa kwa mbili hukupa 2,281, na hapo kisu hugota.

Hugota kweli, au mkono umechoka? Fundi hana haja ya kuhangaika na kila kigawo, kwani 48 mara 48 ni 2,304, nayo imekwisha kuipita 2,281. Basi humtosha kuzijaribu namba tasa 15 tu, tangu 2 hadi 47. Akigawa kwa 19 husalia 1. Akigawa kwa 43 hutiwa tamaa, kisha husalia 2. Zikimalizika zote na kila moja imesaza, yakini imepatikana kuwa 2,281 ni tasa, wala hakuna kadhi wa kuitengua hukumu hiyo.

Lakini ajabu yake ingali mbele. Zidisha mbili kwa mbili hata ziwe mbili 2,281, kisha utoe moja: utapata namba ya tarakimu 687, ambayo kwa kuigawagawa hivi umri wa dunia usingetosha. Ili kujua kama nayo ni tasa, mwanahisabati Raphael Robinson wa California aliifuata njia ya mwanahisabati Lucas, iliyonyooshwa na Lehmer: anza na 4, izidishe kwa nafsi yake, toa 2, gawa kwa ile namba kubwa, shika baki, kisha rudia, mara 2,279; baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Maagizo ya kompyuta ya kuifanya kazi hiyo aliyaandika kabla hajapata kuiona, jambo ambalo kwangu lapita hata hesabu yenyewe kwa uhodari. Na tarehe 9 Oktoba 1952, katika kompyuta hiyo, iliyoitwa SWAC, kule Los Angeles, sifuri ikatokea.

Sijui namba hiyo ingeuzwa bei gani katika soko la Kilombero, pale Arusha. Ila Euclid alikwisha kutoa burhani zamani kwamba tasa ya namna hiyo, ikizidishwa kwa mbili 2,280 zilizozidishana, huzaa namba timilifu, yaani ile ambayo vigawo vyake vyote, ghairi ya yenyewe, vikijumlishwa huirudisha ilivyo, kama 6 irudishwavyo na 1, 2 na 3.