Ahadi ya Sebuleni

Filamu ya Hoop Dreams, iliyoongozwa na Steve James na kutoka mwaka 1994, ina urefu wa karibu saa 3. Inawafuata vijana wawili wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, wanaotumaini kwamba mpira wa kikapu utawafikisha chuoni. Wengi husifu mechi zake. Mimi kilichonishika ni sebule ya akina Gates, pale kocha wa Chuo Kikuu cha Marquette anapomwahidi William kusomeshwa bure, hata goti lake likiharibika.

Wako wasemao kamera haikuwa na haki ya kuketi pale. Sikubaliani nao. Filamu ilipotoka, vijana wote wawili walikuwa wamekwisha kuingia chuoni. Siri ilitunzwa wakati ule ilipohitajika. Maana ahadi kama ile, kabla ya kutia saini, ni neno tu la mdomo. Kijana akiitangaza mtaani, kisha kocha akageuka, aibu humbakia kijana.

Lawama yangu ni nyingine. Siri hiyohiyo humfaa kocha pia. Sisemi huyu alifanya hivyo, lakini kocha anaweza kutoa neno lilelile kwa vijana watano wanaocheza nafasi moja, na mzazi asijue. Tena miaka ile ufadhili wa wanamichezo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Miaka minne ilisimama juu ya uungwana wa msemaji. Filamu hailigusi jambo hilo. Ningependa kamera imfuate kocha hadi garini, na kutoka hapo hadi nyumba ya pili.