Fundi wa Njia ya Pili

Kila ofisi yenye mafaili ya Excel ina mtu wake. Cheo chake kinaweza kuwa karani wa mishahara, mtunza stoo au mhasibu msaidizi, lakini hesabu zikigoma wote huishia mezani kwake. Hasifiwi sana, kwa sababu kazi yake ikienda sawa haionekani: mishahara imeingia benki, makato yamepelekwa, ripoti imemfikia mkurugenzi. Nataka kumsifu kwa jambo moja ambalo hata wenzake wa chumba kimoja hawalioni, nalo ni namna anavyofanya kazi siku ambayo programu imesasishwa na kifaa alichokitegemea kimeondolewa.

Maana huondolewa. Toleo jipya hutangazwa kwa yale lililoongeza. Kilichopunguzwa mtu hukigundua mwenyewe, tena kwa kawaida tarehe za kufunga mwezi. Excel 2007 ilifuta menyu zilizozoeleka na kuweka utepe wa vitufe juu ya kioo. Iliongeza mengi, hilo lisemwe kwa haki: safu mlalo zilipanda kutoka 65,536 hadi 1,048,576, na fomula ya SUMIFS ikazaliwa. Lakini aliyekuwa akichora chati alikuta michoro ya mistari na vidoti ya kujazia nguzo haipo tena kwenye vitufe. Zimebaki rangi. Kwa mwenye printa ya rangi hilo ni dogo. Kwa ofisi ambayo ripoti huchapwa kwa wino mweusi kisha ikapelekwa fotokopi kwa ajili ya wajumbe wa bodi, nguzo nyekundu na nguzo ya buluu hutoka zote kijivu, na mjumbe wa kwanza kunyoosha mkono huuliza mauzo ni yapi na gharama ni zipi.

Fundi alichunguza, akaona jambo. Chati ya faili la 2003 ikifunguliwa ndani ya toleo jipya ilibaki na mistari yake. Kumbe kilichoondolewa ni kitufe cha kuiweka. Uwezo wa kuionyesha ulikuwapo palepale. Basi akatunza chati moja ya zamani kama mbegu, kila mwezi akainakili na kuibadilishia namba. Waliojua kuandika makro, yaani maagizo yanayoifanya programu itende kazi yenyewe, waliiweka mistari kwa makro, kwani lugha ya makro iliendelea kuitambua. Excel 2010 ilipokirudisha kitufe, watu hao hawakuwa wamekosa ripoti hata moja yenye mistari.

Hapo ndipo ufundi huu unapoanza: kutofautisha kitufe na uwezo. Katika menyu ya zamani ya Data kulikuwa na dirisha la kumwongoza mtu kutengeneza jedwali la pivoti, na ndani yake kulikuwa na chaguo la kuunganisha data za karatasi kadhaa kwa mpigo mmoja. Kitufe kipya cha pivoti kwenye utepe hakina chaguo hilo. Lakini bonyeza Alt, halafu D, halafu P, na dirisha lilelile la zamani linafunguka. Herufi hizo ni mabaki ya menyu iliyokwisha kufutwa. Vidole vya wakongwe vinazikumbuka, na programu nayo inazikumbuka. Au chukua DATEDIF, fomula inayotoa miaka, miezi au siku kamili kati ya tarehe mbili. Ukianza kuiandika, orodha ya mapendekezo haiitaji. Iandike kwa kichwa hadi mwisho, na itakukokotolea miaka ya utumishi ya mfanyakazi anayestaafu bila taabu. Imeachwa humo kwa ajili ya mafaili yaliyotoka Lotus 1-2-3, programu iliyotawala hesabu za ofisi miaka ya 1980 na ambayo huduma zake zilisitishwa mwaka 2014.

Nikiwa hapo kwa Lotus, niseme kitu kinachonichekesha. Lotus 1-2-3 iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu, ingawa haukuwa. Excel ikaufuata makusudi ili tarehe za programu hizo mbili zilingane, na mpaka leo ukiandika 60 katika seli ya Excel ya Windows na kuipa muundo wa tarehe utapata 29 Februari 1900, siku ambayo haimo katika kalenda tunayoitumia. Katika nyumba hii kosa limepewa hati ya kumiliki chumba, huku vitufe vizuri vikiwa wapangaji wa mwezi hadi mwezi.

Mapunguzo ya vitufe niliyoyataja ni mepesi. Liko zito. Mwezi Januari 2008 Microsoft ilitoa Office mpya ya kompyuta za Mac, na Excel yake haikuwa na VBA kabisa, yaani lugha ambayo makro zilikuwa zikiandikwa kwayo. Sababu ilikuwa ya chini ya sakafu: Apple ilitangaza mwaka 2005 kwamba inahama kutoka vichakataji vya PowerPC kwenda vya Intel, na VBA ya Mac ilikuwa imefungamana mno na vichakataji vya zamani. Kuijenga upya kungechukua muda mrefu, ikaachwa. Pamoja nayo vikaenda vifaa vya uchambuzi wa takwimu vilivyokuwa vikiitegemea. Mei mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba VBA itarudi, na ikarudi kweli katika Office ya 2011, iliyouzwa kuanzia Oktoba 2010. Kati ya kuondoka na kurudi ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Hakuna mfanyakazi anayengoja mshahara muda huo.

Sasa tazama mtu alivyoweza kuishi bila makro. Makro ya kawaida ya ofisini hutembea safu kwa safu: inasoma tawi, inasoma mwezi, ikiona vinalingana na kinachotafutwa inachukua kiasi na kujumlisha. Ni kazi ya miguu. Fundi aliyenyimwa miguu hiyo huandika fomula moja:

=SUMPRODUCT((A2:A500="Moshi")*(B2:B500=3)*C2:C500)

Isome polepole. Sehemu ya kwanza inauliza kila safu: wewe ni wa tawi la Moshi? Ya pili inauliza: wewe ni wa mwezi wa tatu? Majibu ni kweli au si kweli, lakini alama ya kuzidisha inapoyagusa, kweli inageuka 1 na si kweli inageuka 0. Safu yenye sifa zote mbili inabaki na kiasi chake. Iliyokosa hata moja inazidishwa kwa sifuri, inatoweka. Kinachobaki kinajumlishwa. Hakuna kutembea na hakuna kitufe, na hapana anayeombwa ruhusa ya kuendesha makro. Nimewahi kusoma mistari ya ushairi yenye akili ndogo kuliko hiyo.

Panapokuwa na masharti mengi zaidi, fundi haongezi fomula iwe ndefu kama mkono wa kanzu. Huweka safu wima za kusaidia: moja inaunganisha jina la tawi na mwezi, nyingine inaweka alama kwa mikopo iliyopita muda, nyingine inakokotoa riba. Wanaopenda ufupi huzidharau safu hizi. Mimi naziona ndizo adabu ya kazi, kwa sababu kila hatua inasimama mahali inapoonekana, na mkaguzi anaweza kuweka kidole juu ya seli na kuuliza namba hii imetoka wapi.

Ufundi huu una kwao hapa Afrika Mashariki, ingawa haukubuniwa hapa. Katika ofisi zetu si ajabu jengo moja kuwa na matoleo matatu ya Excel: la mkurugenzi jipya, la uhasibu la kati, la stoo la zamani. Faili linasafiri kwa fleshi kutoka moja hadi jingine. Aliyetumia XLOOKUP, fomula ya kutafutia data, kwenye kompyuta ya mkurugenzi, akampelekea mwenzake mwenye Excel 2016, huko itakapokokotolewa upya itazaa #NAME?, kwa kuwa toleo hilo haliijui. Fundi mwenye uzoefu huandika INDEX na MATCH, fomula zinazoeleweka katika kompyuta zote tatu. Hufanya hivyo kwa kuwa amejifunza kujengea kompyuta dhaifu kuliko zote jengoni. Matokeo yake, sasisho likija na mkasi, mara nyingi hakutani na cha kukatwa.

Si kila kinachoondolewa kinastahili kuliliwa. Makro za kale za Excel 4, za mwaka 1992, zilikuja kuwa njia waliyoipenda wapenyezaji wa virusi, na kuzimwa kwake mwaka 2022, isipokuwa kwa anayeziwasha makusudi, kulikuwa kwa haki. Fundi mzuri haabudu cha zamani. Yeye anataka kujua tu kilichotoka kilikuwa kikifanya kazi gani, na nani ataifanya sasa.

Lakini nina lawama moja kwa mafundi hawa. Wengi huziweka njia zao kichwani, kana kwamba kujulikana kungewapunguzia heshima, na wanapohamishwa au kustaafu ofisi hubaki na faili ambalo kila mtu anaogopa kuligusa. Karatasi ya kwanza ya faili iandikwe maelezo: data inaingilia wapi, safu zipi ni za kusaidia, fomula ipi imewekwa badala ya kitufe kipi na kwa nini. Nusu ukurasa unatosha.

Na wewe meneja, kabla hujaruhusu kompyuta zote zisasishwe usiku mmoja, mwite huyo karani umuulize ni mafaili gani ayajaribu kwanza. Mwachie kompyuta moja yenye toleo la zamani hadi mwezi ufungwe. Na siku hizo za majaribio zihesabu kuwa kazi, umlipe.