Kadogo na Badeplase: Kuhakiki Istilahi ya "Baada ya Vita"

Wahakiki wetu hupenda kuzigawa kazi za fasihi kwa vipindi: kabla ya vita, wakati wa vita na baada ya vita. Mgawo huu unafaa kwa Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kukoma 1907. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile (1969) alishughulikia jambo lililokwisha tukia. Makala haya yanadai kwamba mgawo huo haufai kwa Kivu ya Kaskazini.

Tuchukue mfano wa Bweremana, Masisi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Minova. Mnamo Machi 1993 mapigano yalizuka Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi waliingia Kivu kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu. 1996 na 1998 vikafuata vita viwili vikubwa. Mkataba wa Pretoria wa 2002 ulitarajiwa kukomesha mapigano, lakini kundi la M23 lilizuka 2012, likarejea mwishoni mwa 2021. Je, "baada" hiyo ianzie wapi? Mkulima anayepanda tena maharage yake Masisi hulima kati ya vita na vita.

Kiswahili cha huko kimekwisha kulieleza hilo. Mathalani, kadogo ni jina la askari mtoto lililovuma tangu 1996. Kiambishi ka- ni cha udogo, na wingi wake wa kawaida ni tu-. Hata hivyo, watu husema bakadogo, kwa ba- ya wingi wa watu. Udogo umesahauliwa, limebaki jina la kazi. Badeplase nao, neno la asili ya Kifaransa, ni waliohama bila kuvuka mpaka. Kiswahili sanifu huwaita "wakimbizi wa ndani", na hivyo kuwachanganya na wale wa 1994 waliotoka nchi nyingine. Kwa anayedai shamba lake aliporejea, tofauti hiyo si ndogo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni maneno ya Kiswahili kibovu, yasiyostahili kuingia kamusini. Hoja hiyo hupima usanifu, haipimi maana. Mhakiki asiyeyajua ataona katika kadogo mtoto wa kubembelezwa, wala hataiona bunduki. Hatuna budi, basi, kuyakusanya maneno haya kwanza, ndipo tuvipe vipindi majina.