Mkanda wa kerezo: kazi iko kwenye kiungo

Kwenye baraza za maduka ya Kinango, fundi wa cherehani ya kukanyaga hahangaiki mkanda wake ukilegea. Huuvua, hukata kama sentimita moja ya ngozi, hutoboa tundu jipya karibu na ncha, hupitisha pini ya waya na kuibana kwa koleo. Mkanda huo, mwembamba kama kamba, una unene wa yapata milimita 5. Anayejiundia kerezo dogo nyumbani ana mengi ya kujifunza hapo.

Kapi la kerezo mara nyingi hukaa kati ya beringi mbili. Mkanda wa V wa dukani ni duara lisilo na mlango: ili uvae, shafti ing'olewe, na beringi iliyokaa vizuri ikigongwa nyundo huanza kulalama. Mkanda wenye kiungo huzungushwa kwenye shafti na kufungwa papo hapo.

Mkanda wa blada ya tairi je? Blada ipo kila mahali, lakini ndani haina nyuzi. Patasi ikiuma mti, mpira hunyumbuka kwanza, shafti husita, kisha huruka kwa kasi. Mafundi wa majahazi walilijua jambo hili kwenye keekee, kifaa cha kutobolea mbao: kamba ya uta ikilegea, msukano, kijiti kinachoshika ncha ya kutobolea, hauzunguki.

Kiungo ndicho kinachotaka subira. Pini ikitokeza, hugonga kapi kila mzunguko, na kugonga huko huonekana kwenye mti kama mawimbi hata baada ya msasa. Kwa mkanda bapa wa ngozi, afadhali ncha zote mbili zichongwe kwa mshazari, zilaliane na kugandishwa kwa gundi, unene ukibaki uleule. Ncha ya upande wa kapi isiachwe wazi, kapi lisije likaibandua.

Hesabu si ngumu. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye kapi la milimita 75, ikivuta kapi la 150, huipa shafti mizunguko 725. Shafti zikiachana milimita 400, urefu ni mara mbili ya umbali huo, pamoja na nusu ya mzingo wa kila kapi na nyongeza ndogo: yapata sentimita 116.

Masika yakiingia, ngozi hunywa unyevu na kulegea. Kwanza mota husogezwa kwenye nafasi za bolti. Nafasi zikiisha, sentimita ile moja hukatwa tena.