Saruji Ndani ya Nyumba ya Matumbawe

Nyumba ile ya mtaa wa Mkomani, Lamu, iliharibika siku mfuko wa kwanza wa saruji ulipopitishwa dakani, baraza la mlangoni. Mengine waliyoyafanya wale mume na mke kutoka Ulaya, walioacha kazi za ofisini waje kuendesha nyumba ya wageni Lamu, sina ugomvi nayo. Mkataba ulikuwa safi: walijua kuwa Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimpi asiye raia zaidi ya miaka 99 ya kukodi ardhi, na bei waliyokubali ilizingatia hilo. Mabomba na umeme wa jua vimefungwa na mafundi wanaojua kazi. Basi, hayo yametosha.

Kila aliyepita kichochoro kile aliona kilichotokea. Plasta ya zamani, yenye nyufa hapa na pale lakini bado imeshika, ilibanduliwa yote hadi jiwe. Hadi hapo kazi ilikuwa bado inaokoleka. Waashi wa chokaa walikuwapo mjini, na chokaa iliyokwisha kuzimwa na kukomaa ilikuwapo. Wenye nyumba wakaamua saruji: tabaka moja nene kutoka sakafuni hadi chini ya boriti, kisha rangi ya plastiki juu yake. Sababu waliyoitoa ni kwamba wageni wa Desemba walikuwa wamekwisha kulipa.

Jiwe la matumbawe linanyonya maji, na maji yale yanapanda na chumvi. Kuta zetu nene hazina kizuizi cha unyevu msingini, na hazikukihitaji kamwe, kwa sababu chokaa ilikuwa ikifanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Unyevu unapanda kiasi, unatoka kupitia plasta, upepo unauchukua. Kinachoumia ni plasta. Inamomonyoka kidogo kidogo, na baada ya miaka kadhaa inarudiwa. Imewekwa pale ili iharibike yenyewe, jiwe lisalimike.

Saruji inageuza mpango huo juu chini. Inafunga uso wa ukuta, na ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Unyevu usiopata pa kutokea unazidi kupanda, ukitafuta mwanya, na mwanya wa kwanza unaoupata ni pale plasta mpya inapoishia, yaani kwenye vichwa vya boriti. Boriti ni za mkoko, na mkoko unavumilia mengi, lakini kichwa kilichofukiwa ndani ya ukuta wenye maji mwaka mzima kinaoza, na kinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Juu ya boriti hizo kuna dari ya mawe na chokaa, mzigo mzito, na chini yake sasa kuna vitanda vya wageni. Wakati huohuo chumvi inaganda nyuma ya saruji na kuisukuma nje, nayo ikitoka inatoka na ngozi ya jiwe. Masika ya kwanza tu rangi ilivimba kando ya ngazi. Wakakwangua, wakapaka tena. Yaani walilitazama kosa usoni, wakaliongezea rangi.

Sikubali wanaosema hawakujua. Fundi mmoja mzee aliwaambia mbele ya watu kwamba saruji haifai ukuta ule, na mtaa mzima unajua. Kosa lilianzia kwenye kalenda. Tarehe ya kufungua ilipangwa kabla ya mwashi yeyote kuingia ndani na kugonga ukuta. Chokaa hukazwa na hewa: unapaka tabaka jembamba, unalinyunyizia maji, unalilinda na jua, unasubiri wiki kadhaa ndipo uje na jingine, na niru, yaani plasta laini ya juu, inakuja mwisho kabisa. Hakuna Desemba inayoweza kuiharakisha. Watu waliosafiri hadi kisiwa ambacho karibu hakina magari ili maisha yao yaende taratibu walikuja na haraka ya ofisini, wakailipisha nyumba ambayo huenda ina umri mkubwa kuliko mji waliotoka.

Na madalali huuza jua na bahari, hawauzi ukuta. Hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba anunuapo nyumba ya Mkomani ananunua pia wajibu wa kupaka chokaa maisha yake yote. 

Si wageni wote waliokuja na haraka. Usam Ghaidan, msanifu majengo kutoka Iraki, alipotoa kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975, aliichora nyumba ya hapa kama mtu aliyekaa ndani yake. Francesco Siravo na Ann Pulver walifuata kwa mpango wa uhifadhi wa mji uliochapishwa mwaka 1986. Walikuwa wageni pia, lakini walianza kwa kupima. Hata familia ya Korschen, iliyofungua hoteli ya Peponi katika kijiji cha Shela mwaka 1967, ilianza na vyumba vichache na kukua pamoja na mahali penyewe. Ukisoma michoro ya Ghaidan utaona pia kwamba nyumba kubwa ya Lamu ilikuwa na sabule, chumba cha mgeni chenye njia yake, asipite kwa wenyeji. Nyumba ilikuwa imekwisha kujipanga kupokea wageni zamani sana kabla ya hawa kufika. Wao wameifanya sabule stoo ya mashuka, na mgeni analala msanani, kwenye ukumbi wa wenyeji.

Dawa ipo, ila haitawapendeza. Vyumba vya chini vifungwe. Saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, kwa sababu mashine itaondoka na jiwe. Ukuta uachwe uchi kaskazi nzima, chumvi ipigwe brashi kila inapojitokeza, na kila kichwa cha boriti kifukuliwe na kuchomwa kwa bisibisi. Kinachobonyea kibadilishwe, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Ndipo aitwe yule fundi mzee, na safari hii tarehe ya kufungua aitaje yeye.