Inaisha, Ukalale

Usiku stima zikipotea mtaani na simu imebaki na asilimia 12, mimi hufungua Monument Valley. Si ati nataka kushinda. Nataka tu kutulia nilale.

Gemu hii ilitoka mwaka wa 2014, kazi ya ustwo games ya London. Unamwongoza Ida, binti mfalme mwenye nguo nyeupe, kupitia minara na ngazi zinazomkumbusha mtu M.C. Escher, yule Mholanzi aliyechora majengo yasiyowezekana. Ukizungusha gurudumu, mnara nao unazunguka, na kingo mbili zilizokuwa mbali zinaonekana kushikana. Basi Ida anapita hapo. Kikionekana daraja, ni daraja. Muziki ni wa taratibu, na ukivuta kipande cha jengo kinalia kama nyuzi za kinubi.

Wengi husifu muziki huo. Mimi nadhani utulivu unatoka kwingine. Siku moja dadangu mdogo alichungulia simu akauliza, "Kwani huyu hafi?" Hafi. Hakuna saa inayohesabu, hakuna pointi. Kunguru waliomo hawamuumizi. Wanamzibia njia tu na kumpigia kelele. Ukikosea, unageuza tena.

Lakini swali lake lilinikaa. Mahali ambapo hufi wala hupotei, unafumbua nini hasa? Kusema kweli, mafumbo mengi ni mepesi. Vya kushika ni vichache, na ukivizungusha ovyoovyo, mara nyingi njia itajifungua yenyewe. Huo ni upungufu, na rangi nzuri haziufichi.

Kinachoiokoa ni kwamba inaisha. Sura 10 tu. Saa mbili hivi, umemaliza. Nyongeza yake, Forgotten Shores, ilipotoka mwaka huohuo kwa malipo, baadhi ya wachezaji walikasirika wakaipa nyota moja. Nawaelewa, pesa ni pesa. Ila kuna gemu za bure ambazo hulipwa kwa njia nyingine: zinakuita kwa arifa, zinakuhesabia siku ulizokosa. Nazo zina muziki mtamu. Moja yazo ilinifanya nikeshe hadi saa kumi alfajiri, kesho yake nikafika kazini macho mekundu kama pilipili. Ilikuwa imenituliza, ndiyo, lakini ilinituliza ili nisitoke.

Ida amekuja kurudisha kilichoibwa na kutafuta msamaha. Akishamaliza, amemaliza, na mimi hanihitaji tena. Mara ya kwanza nilihisi nimepunjwa: ndo hivyo tu? Siku hizi naona ndiyo heshima yenyewe. Kitu kinachodai kukupumzisha kinafaa kijue wakati wa kukuachilia, uweke simu chini, ulale.